Punje za Jumatatu

Jumatatu alfajiri simu zinalia Handali,
moja, kisha ya jirani, kisha ya ng'ambo ya korongo,
kama vifaranga walioona mwewe.
Punje ishirini kwa kila mtu mzima,
aliyelima na ambaye hakulima.
Nyemo aliyejifungua juzi.
Chibago, ambaye saa nne asubuhi keshalewa.
Hata mimi mwenye mashine ya kusaga,
niliyesema mkutanoni, mtendaji akiandika,
kwamba pesa isiyo na picha ya mnyama
siipokei hata ije na kiapo.

Damari, binti yangu, alinieleza mara mbili,
ya pili kwa sauti ya kumfunza mtoto kufunga kamba za viatu.
Ni daftari, baba. Daftari lililo kwa watu wote.
Ukifuta kwako, kwa wengine bado lipo.
Nikamwambia daftari la namna hiyo tulikuwa nalo,
tukiliita umbea.

Na punje ikikaa?
Ikikaa mwezi bila kutumika inaingia fukusi,
inapungua, na kilichopungua kinarudi ghalani
kigawiwe tena.
Hapo nikanyamaza.
Fukusi nawajua.
Pesa inayoliwa na fukusi, nikawaza,
hiyo angalau imezaliwa Ugogo.

Ilikuwa Februari, vihenge vinarudisha mwangwi.
Akaja Sechelela Malogo na nusu debe la uwele.
Miaka yote alilipa kwa unga,
kibaba kimoja anakiacha mezani kwangu,
nami hugeukia mkanda wa mashine akipima,
maana mkono ule ulipima ukitetemeka.
Siku hiyo alibonyeza nyota, namba, reli.
Simu yangu ikalia. Punje tatu.
Akajitwika unga wake wote,
wote,
na hakusema asante.
Nilisimama mlangoni na vumbi jeupe kwenye kope
nikiutafakari ule ukimya wake.
Alikuwa amelipa.

Lakini dizeli haijui Chigogo.
Kule mjini muuzaji alicheka hadi akashika pampu:
punje? Kawape kuku!
Basi nikampa Lameki, aliyenichomea chekeche.
Lameki akampa Nyemo, kwa karanga.
Nyemo akampa mkunga.
Mkunga, Ijumaa, akaja kusaga mtama,
na punje tatu zikaingia kwangu, nikazitambua.
Damari anasema haiwezekani, hazina sura.
Nilizitambua.

Halafu usiku ule wa mtoto wa Chibago,
homa imemkaza shingo,
na mwenye pikipiki anataka shilingi, shilingi tu,
mpaka Mvumi hospitali.
Chibago kasimama uani na simu mkononi,
punje zake arobaini zinamwangaza uso.
Nani angemkopesha Chibago? Mimi? Nimemkopesha mara nne.
Sechelela ndiye aliyefungua pindo la kanga.
Nipe punje kumi, alisema, nikupe elfu mbili.
Kisha Lameki. Kisha mkunga.
Kisha mkono wangu, sijui nani aliutuma,
ukaingia kwenye kopo la dizeli.
Haukuwa mkopo. Haikuwa sadaka.
Simu zetu zililia gizani, moja moja,
na kila iliyolia ilimtoa Chibago kwenye orodha ya watu wa kuhurumiwa.

Mtoto alirudi Alhamisi.
Pikipiki ilirudi haina kioo, na hadi leo tunabishana nani alipe.

Mlangoni nimeandika kwa chaki:
KUSAGA NUSU SHILINGI NUSU PUNJE.
Nusu ya kwanza ni ya dizeli. Ya pili sijaieleza kwa mtu.
Chibago bado anakunywa. Mtendaji bado anaandika.
Mvua, wiki ya tatu sasa, imetupa mawingu peke yake.
Na leo ni Jumapili usiku:
simu nimeiweka dirishani, panaposhika mtandao,
nami, mtu mzima na mvi zangu,
nimelala macho wazi
nasubiri ilie.