Simu ya Vitufe

Nilimwambia Jagoda peke yake,
jikoni, maji yakichemka,
kwamba siku zangu zimechelewa, wiki mbili sasa.
Simu ilikuwa mezani, kifudifudi.
Usiku ikaniletea vitanda vya watoto,
vya mbao, bei imepunguzwa.
Zbyszek alikuwa bado hajui.

Mwezi wa tatu mimba ikatoka.
Hilo simu haikulisikia,
au ililisikia ikapuuza:
ikaendelea kuniletea soksi
zisizotosha hata kidole gumba changu.

Nikaenda sokoni Bałuty, theluji imegeuka tope,
nikanunua simu ya vitufe, ya kijivu, ina mkwaruzo mgongoni.
“Ya mama yako?” muuzaji akauliza.
“Yangu.”
Akanitazama kama mtu aliyekuja kutafuta utambi wa chemli.

Sasa ninapotea.
Jana nilishuka tramu kituo sicho,
nikamuuliza msichana njia ya kwa daktari wa meno.
Alikuwa mwema: akachomoa simu yake, akaiuliza.
Nikarudi nyuma hatua mbili
nisiingie kwenye jicho lake.

Kuandika nako ni kupukuchua mahindi makavu,
herufi moja, bonyeza mara nne,
umepitiliza, anza tena.
Kituoni, gizani, vidole vimekufa ganzi,
nilimwandikia Zbyszek:
NIMECHELEWA. USIZIME JIKO.
Ikaenda.

Nikasimama, kwa mazoea tu,
nikingoja ilidake neno lile
iniletee kitu.

Taa ya kioo ikazimika.
Tramu ikaja.