Mraba, Duara, Nukta

Mwalimu Ndosi alisema: mwanamume ni mraba,
mwanamke duara,
mwenye sifa tunayoitafuta mpake wino wote.
Nikachukua stakabadhi ya chama cha kahawa,
mgongo wake ni mweupe,
nikaanza na babu.

Babu Elinihaki wa Mbokomu, mraba mweusi.
Karani alilimwaga debe lake mbele ya watu:
"Mbichi hizi umechanganya za nini?"
Hakuchanganya. Aliona debe moja, rangi moja.
Utotoni baba yake alimchapa kwa uvivu,
ukubwani mkewe akamwita mbishi,
naye akanyamaza miaka thelathini
akijifunza kuchuma kwa kidole gumba:
mbivu hulegea, mbichi hukataa.

Watoto wake: Mjomba Kirita, mraba mtupu,
huliona tunda jekundu hata likiangukia nyasini.
Mama, duara. Mama mdogo Aikande, duara.
Wote wanaona.
Nikadhani basi, imezikwa na babu migombani.

Kisha wajukuu.
Anaeli wetu, aliyerudi toka soko la Mbuyuni
na shati la kijani akiapa ni la kahawia.
Wavulana wawili wa mama mdogo, kule Uru:
mmoja ndiyo, mmoja hapana.
Kwa mjomba watoto watano, hakuna hata mmoja.

Nilifuta, nikachora, nikafuta,
karatasi ikatoboka pale kwenye jina la mama.
Ndipo nikaona: haikuruka. Ilipita.
Ilipita kwake bila kumgusa macho,
kama maji ya mfongo yakatizayo shamba la huyu
kwenda kumwagilia la yule.
Babu hakuwa na namna ya kumpa mwanawe wa kiume.
Aliwapa mabinti, wote,
nao wakabeba bila kujua wamebeba.

Bibi mzaa baba husema, "Kwetu hakuna macho ya hivyo."
Ni kweli. Ila anavyolisema si kweli.

Mbebaji huwekewa nukta katikati ya duara.
Kwa mama niliiweka taratibu,
kama mtu anayebonyeza tunda.
Akachungulia begani:
"Hiyo nukta ni kosa langu?"
Nikasema, ni nukta tu, mama.
Hakujibu. Akaenda kuchochea moto.

Limebaki duara langu.
Nusu kwa nusu, alisema mwalimu, sarafu iko hewani,
na macho yangu mazima si shahidi wa lolote.
Nimeliwekea alama ya kuuliza, kwa penseli.

Jana nilimkuta Anaeli kwenye mibuni,
macho kayafumba kabisa,
gumba likitembea toka tunda hadi tunda.
Karani wa siku hizi hajawahi kulimwaga debe lake.
Babu ndiye aliyemfundisha, mwaka mmoja kabla hajafa.
Na hili, mwalimu, lililotoka mraba hadi mraba
bila kupita kwa mama,
nalichorea mstari gani?

Kazi inakusanywa Jumatatu.