Unanipata?

Darasa letu lilikuwa duka la viatu, hapa Gyumri.
Rafu bado zimo, zimebeba swichi na kebo za samawati
pale zilipokaa buti za majira ya baridi.
Mwalimu Hovsep ana miaka ishirini na mitatu
na ndevu ambazo bado zinajadiliana kama zitoke.
Mimi nina sitini na moja. Vijana wananiita Shangazi Shoghik,
wananipisha kiti kilicho karibu na jiko.

Wiki ya kwanza, tabaka saba.
Chini kabisa waya, shaba, mpigo wa umeme;
juu kabisa mtu na maneno yake.
Nikaandika daftarini: kama tunavyovaa Januari,
fulana, shati, sweta, sweta la marehemu, koti,
na ukifika kwa mwenyeji unavua kinyumenyume.
Hovsep alisoma, akacheka, akanakili ubaoni.

Wiki ya pili tukagombana.
Alisema ujumbe hausafiri mzima.
Unakatwakatwa pakiti, kila pakiti na anwani yake,
hii kupitia Tbilisi, ile sijui kupitia wapi,
zinafika shaghalabaghala, ya tano mbele ya ya pili,
na huko mwisho ndiko zinakopangwa.
Nikamwambia: huo ni uhuni.
Miaka kumi na minne nilikuwa opereta wa simu.
Mtu akitaka Yerevan, nilichomeka waya, Yerevan ikawa yake,
njia nzima, hata wakinyamaza,
hata mke akilia tu, na mume akihesabu dakika.
Ukimya wao nao ulikuwa na waya wake.

Hovsep akajikuna ndevu. Akauliza taratibu:
"Na waya ule ukikatika, Shangazi?"

Nilitazama jiko.
Yeye hakuwa amezaliwa. Lakini mji huu hufundisha watoto wake.
Desemba ile, saa tano na dakika arobaini na moja,
taa za ubao wangu ziliwaka zote kwa pamoja,
kisha hakuna iliyowaka.
Nilikuwa nimemshika mwanamke wa mtaa wa kiwanda cha soksi,
akimweleza dada yake namna ya kugeuza kola ya shati.
Nilishuka ngazi zilizobaki
na waya wake ungali mkononi.

"Basi," nikasema, "endelea na pakiti zako."

Wiki ya tatu, kupeana mikono.
Kompyuta moja hubisha: Unanipata?
Ya pili hujibu: Nakupata. Nawe, wanipata?
Ya kwanza: Nakupata.
Hapo ndipo habari inaanza.
Arusyak, mtoto wa miaka kumi na sita, akaona ni maneno mengi.
Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimefumba macho,
nikiisikia sauti yangu ya ujana ikiuliza vivyo hivyo
asubuhi nzima, kila asubuhi.

Pakiti ikipotea, hutumwa tena.
Isipojibiwa, mtumaji husubiri, hutuma tena,
kila mara akisubiri maradufu, halafu hukata tamaa.
"Baada ya mara ngapi?"
"Inategemea ilivyopangwa."
"Na nani hupanga?"
Hovsep alifungua mdomo, akaufunga, akafuta ubao.

Nikajifunza pia kwamba kila pakiti huzaliwa na namba,
na kila ruta inayopita hupunguza moja,
ikifika sifuri hutupwa,
isije ikazurura duniani milele ikitafuta mlango.
Hilo nililipigia mstari. Mara mbili.

Jana tulifunga vichwa vya kebo.
Nyaya nane nyembamba kuliko sindano za soksi:
nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu…
Arusyak alimaliza mbele yangu, akaja kunishikia taa
bila kuombwa, bila kusema neno.
Nikachomeka kwenye kipimo.
Moja ikawaka. Mbili. Tatu. Hadi saba.
Ya nane ikagoma.

Nikakata kichwa cha kebo, nikachukua kingine,
nikanyoosha nyaya upya kwa kucha.