Lugha ya Kuanzia

Limbani, Wete, chumba cha nyuma ya duka la sare:
kompyuta nne, moja haina herufi ya M,
na Salhina Mbarouk anatuuliza
tunataka kuanza na lugha gani.

Kombo wa ghala la karafuu kasema: Si.
Kaka yake kasoma Si, sasa yuko Uturuki, ana koti.
"Si ni si," kajibu Mkasi bila ya kuinua uso,
"hata jina lake linakukatalia."
Tukacheka mpaka feni ikazima.
Umeme.

Gizani ubishi ukanoga.
Huyu ana Java. Yule kasikia Paithoni kumbe ni chatu,
na kwao chatu hatajwi
tangu kuku wa bibi yake, na vifaranga kumi na kimoja.

Salhina akangoja tuchoke.
"Kombo, wewe ulianza na lugha gani?"
"Kipemba."
"Ulichagua?"
"Nilikuta inasemwa."
"Na neno lako la kwanza?"
"Mama anasema nilisema maji, na nilitaka uji.
Nikapewa maji. Nikalia."
"Basi na huyu ndivyo alivyo," akaigonga kompyuta iliyolala.
"Hakupi unachotaka. Anakupa ulichosema."

Umeme ulirudi alasiri imekwisha.
Tukaanza na chatu, kwa sababu
ndiye pekee aliyekuwemo katika zote nne.

Isiyo na M ilimwangukia Mkasi.
Jina lake likatoka Kasi. Akalipenda.
Mchumaji akawa chuaji, na mashine haikujali:
ukishaita chuaji, iite chuaji mpaka mwisho.

Alitaka hesabu ya wachumaji wa mama yake.
Bi Chumu: pishi nne asubuhi, nne jioni.
Mashine ikazigandisha, ikasema arubaini na nne.
"Bi Chumu atajenga," kasema Kombo.
"Hayo bado ni maandishi," kasema Salhina,
"hujamwambia kuwa ni nambari."
Akamwambia. Ikakataa: nafasi moja imepungua mwanzo wa mstari.
Akaiongeza.

Nane.

Daftari la mama yake linasema saba.
Tukahesabu kwa vidole, Kombo naye kwa vyake.
Nane.

Mkasi akaandika deni kwenye kiganja,
akafunga mtandio, akapita njia ya kwa Bi Chumu.

Kombo bado anaitaka Si.
Anauliza Uturuki kuna baridi kiasi gani.