Pingili Moja

Tuliondoka Mamboleo kabla ya jogoo wa pili,
mimi na Wasonga.
Baiskeli yake ina gia ishirini na moja na haina keria.
Niliyopanda mimi ina gia moja,
na hiyo moja yenyewe ina manung'uniko.
Nyuma nimefunga kwa mpira wa tyubu
chapati sita, shuka, chupa ya maji,
na sababu ambayo sikumwambia.

Uwanda wa Kano hulala chali, hauna siri.
Unamwona mtu tangu akiwa nukta,
akawa mkato, akawa mwanamke na kuni kichwani,
akakusalimu, akawa nukta tena nyuma yako.
Upepo wa asubuhi ulishuka kutoka milimani
ukatusimamia njiani kama shangazi mlangoni:
mnakwenda wapi saa hizi?

Miwani nikavua miwani nikaipangusa vumbi.
Bomba la kiwanda halina moshi,
kunguru wamehamia, hawalipi kodi.
Wasonga akasema baba yake alipima miwa hapa
miaka kumi na tisa,
na hadi leo akikushika mkono
unajua anakupima.

Mbele ya Kibigori mnyororo ukakatika.
Haukulia. Ulilegea tu, ukaanguka vumbini
kama nyoka aliyechoka kuogopwa,
na miguu yangu ikazunguka, ikazunguka,
ikizunguka hewa.

Fundi alikuwa Akeyo, sketi ya shule,
nyundo, msumari, jiwe bapa.
Akagonga pini, akatoa kipande kilichokufa,
akaunga vilivyobaki, akakitia kiganjani mwangu:
"Pingili moja imepungua. Ni kama muwa,
unatupa iliyooza, unakula zilizobaki.
Ila mama, mlimani usisimame juu ya pedali.
Umekazwa kuliko ulivyozoea."
Akachukua shilingi hamsini na chapati moja.

Baada ya Chemelil barabara huinua kidevu.
Kwanza kidogo, kama mtu anayekusikiliza,
kisha kabisa, kama mtu aliyekataa.
Wasonga akabadilisha gia, tika, tika, tika,
akapotea konani na kofia yake nyekundu.
Mimi nikashuka.
Niliisukuma kona baada ya kona, mkono kwenye tandiko,
kama anayemrudisha ng'ombe wa jirani.

Ni ya jirani kweli.
Tuwei aliiegemeza ukutani kwetu
usiku mmoja wa Januari, mwaka wa moto,
akatoka na watoto wawili na sufuria,
akasema nitaifuata kesho.
Kesho ile ilirefuka.
Baba aliipaka grisi kila Krismasi
mpaka Krismasi ambayo hakuamka,
kisha nikaipanda mimi, sokoni, kanisani,
nikiiita yangu mbele za watu.

Juu, joto lilibaki chini na wenyewe.
Uwanda ukawa mkeka,
ziwa pindo lake linalometa.
Kukaanza kunuka majani chai.

Tuwei alitoka na gambuti mguu mmoja.
Hakuniangalia mimi, aliangalia gurudumu.
Akabonyeza kengele; haikulia.
Akainua nyuma, akazungusha pedali,
akainamisha sikio:
"Mnyororo umepungua."
Nikampa pingili.
Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Mkewe akaleta mursik kibuyuni.
Habari za Januari hatukuzigusa.
Tulizungumza breki,
mpira upi hudumu, wa India au wa China.
Wasonga, mdomo mweupe wa maziwa,
ndipo akahesabu, akaniuliza:
"Na wewe utashukaje?"
Nikaitazama baiskeli yake isiyo na keria.
Tukacheka hadi mbwa wakabweka.

Usiku mvua ilikuja kwenye mabati.
Chini ya blanketi la wenyewe
miguu yangu haikujua kuwa tumefika;
ikazunguka, ikazunguka.