Kartiye, Mwaka, Sherehe, Jina

Papa Bisimwa aliacha picha elfu kumi na moja
na flashi tatu, moja imepasuka.
Kila picha aliyoipitisha kwenye skana aliipa jina
kwa mtindo mmoja, bila nafasi, bila herufi kubwa:
kadutu_1988_harusi_nsimire_4.

Kwa hiyo kazi yangu ni kukata.
Kila penye kistari cha chini, wembe.
Kartiye huku, mwaka huku, sherehe, mwenye sherehe,
halafu namba, mkia wa mjusi.

Kisha droo. Ndani ya Kadutu, miaka;
ndani ya mwaka, ubatizo, matanga, harusi;
ndani ya harusi, majina.
Kama tulivyojenga huku mlimani:
paa la Mama Cibalonza ndiyo baraza yetu.

Usiku wa kwanza namba zilinicheza.
Mashine ilizisoma kama maneno,
kumi ikatangulia mbili,
na Nsimire akatoka kanisani ameshaolewa
kabla hajashuka kwenye gari.
Nilicheka peke yangu, Nyawera nzima giza,
betri asilimia kumi na tisa.
Nikaongeza sifuri mbele. Ndoa ikanyooka.

Droo zenyewe sikuzichonga.
Ita tu, na kinachoitwa kinakuwepo.
Bagira, 1979: ikafunguka. Panzi: ikafunguka.

Juzi, kabla ya kulala, niliuliza
jambo lisilo la mteja.
Kadutu. 1996. Komunio. Cirhuza.
Yumo?
Hayumo.

Nilijua. Kundi la kwanza lilikomunika Julai,
kundi lake lilipangiwa Noeli,
suti nyeupe ilishanunuliwa, imezidi mikono.
Oktoba Papa Bisimwa alizika kamera kwenye unga wa muhogo,
nasi tukashika njia ya Walungu, watu sita.
Tulirudi watano.

Asubuhi nikachapisha orodha nzima.
Kati ya Byamungu na Deodata:
cirhuza, picha 0.

Imezaliwa kwa sababu niliuliza.
Wajuzi huiita kasoro: usipobisha hodi
mlango baada ya mlango,
swali lako linamjengea nyumba
mtu asiyekuwepo.
Dawa yake ni mstari mmoja. Ninaujua.

Binti wa marehemu anakuja kuchukua diski saa nane.
Nimefuta droo tupu arobaini na sita.
Ya arobaini na saba
nimeiruka.
Akiifungua atakuta sifuri.
Na aulize.