Vizibo Vinne

Mwalimu Chihoma hakuwa na chaki ya kutosha,
alikuwa na vizibo vya soda na rangi ya kucha ya mkewe.
A. I. L. M.
Akavimwaga juu ya dawati letu, darasa la tatu, Nala,
mwezi wa kwanza, mvua imekatika, uwele umejikunja majani.
"Herufi nne. Neno lisizidi, lisipungue.
Hakuna kukopa kwa jirani."

La kwanza lilikuja lenyewe:
LIMA.
Tulitoka nalo shambani alfajiri,
bado lilikuwa chini ya kucha zetu.

Chibago akaruka na MAILI.
Mwalimu akahesabu kwa kidole, akacheka mpaka akakohoa:
"Hiyo I ya pili umeiazima wapi? Irudishe."
Tangu siku ile jina lake ni Maili,
ndilo analoitwa hata leo, akichoma nyama njia ya Singida.

MALI ilipatikana kwa ugomvi.
MILA aliiona Sechelela, yule asiyesema,
akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai.
LAMI aliitoa mwalimu mwenyewe, baada ya kutungoja sana,
na nusu ya darasa wakauliza ni mdudu gani.

"Bado moja. Mnaliogopa kila Ijumaa."
Tukatazama dari. Hapakuwa na dari.
IMLA.

Mimi nilipanga MLIA.
Mwalimu akasema halimo kwenye kamusi.
Nikasema mama humwita mdogo wangu hivyo, mlia ovyo.
"Ovyo ndiyo inayolishikilia," akasema.
"Peke yake halisimami."
Akavitawanya vizibo kwa kidole kimoja.

*

Walikuja na kamba, na vigingi vyenye vichwa vyekundu.
Kwenye ukuta wa tembe la bibi wakachora X,
herufi ambayo lugha yetu haina,
kwa hiyo hatukujua tuipange na nini.

Lami ingepita pale tulipolima.
Afisa alisoma, baba akarudia maneno nyuma yake,
jina, ukubwa wa eneo, mimi niliyetajwa hapo juu,
akamaliza kwa dole gumba.
Imla ya kwanza aliyofanya maishani,
na hakuna aliyemsahihishia.

Mali iliingia kwenye simu, ikalia mara moja.
Kisha ikatoka kimyakimya:
saruji, bati, harusi ya mtu,
pikipiki iliyokaa mwezi mmoja na nusu.

Mila tuliiuliza kwenye fomu.
Kulikuwa na mstari mmoja: makaburi, idadi.
Baba akasema mawili. Yakaandikwa mawili.
La tatu, la kitoto kisichopewa jina,
lilikuwa chini ya mlango wa zizi, na baba hakulitaja,
akidhani halihesabiwi.

Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini sisemi lami ni adui.
Mjukuu wa Sechelela alizaliwa hai kwa sababu yake,
dakika ishirini hadi hospitali, usiku, taa zote njiani zinawaka.
Mtu asiyeshukuru kwa hilo ana jiwe kifuani.

Mama hakulia siku ya tinga.
Alipika ugali, akawapelekea hata vijana wa tinga.
Alilia mwezi wa pili uliofuata,
akitaka kuvuka kwenda kuchuma mlenda
upande wa pili, ambao ulikuwa shamba lile lile.
Malori yalikuwa hayaishi.

Nilimwona nikiwa mbali, na nikamkumbuka Mwalimu Chihoma,
vizibo vyake, kidole chake.
Nilitaka kumwambia: mwalimu, linasimama.
Linasimama peke yake kando ya barabara,
kikapu kitupu mkono mmoja,
linatazama kulia, kushoto,
kulia tena.